Kumpima Mhusika Msaidizi katika Michezo ya Kulinda Ngome

1. Utangulizi

Miongoni mwa michezo inayochezwa kwenye simu za mkononi, imo aina moja ambayo msingi wake ni wa kale kuliko simu zenyewe: adui wanakuja kwa njia inayojulikana, na mchezaji hupanga walinzi wake kando ya njia hiyo ili wasifike mwisho. Mchezo wa Rampart, uliotolewa na Atari Games mwaka 1990, hutajwa mara nyingi kuwa ndio uliotangulia aina hii, Plants vs. Zombies, wa mwaka 2009, uliieneza hata kwa watu wasiokuwa na mazoea ya michezo ya kompyuta. Katika makala haya aina hiyo inaitwa michezo ya kulinda ngome.

Katika michezo hiyo wako walinzi wanaoshambulia, na wako wengine ambao hawamwangushi adui hata mmoja, ama humwangusha mara chache. Hao wa pili ndio wahusika wasaidizi. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuwapima. Jambo hili lina uzito wake. Katika michezo mingi ya leo wahusika hupatikana kwa bahati nasibu, tena mara nyingi kwa fedha. Anayepima vibaya hulipa kwa ajili ya kitu asichokihitaji, au hupuuza kile ambacho tayari anacho mkononi. Nyuma ya hasara hiyo ya fedha lipo swali kubwa zaidi: kazi ambayo matunda yake huonekana mikononi mwa wengine, hupimwaje?

2. Kosa la kuhesabu mapigo

Kipimo cha kwanza kinachomjia mtu ni kuhesabu mapigo: nani ameangusha wangapi. Kipimo hiki ni rahisi, na kwa mshambuliaji si kibaya. Kwa msaidizi ni upotovu mtupu.

Mfano mwepesi ni ua la alizeti katika Plants vs. Zombies. Kulipanda kunagharimu jua 50. Halipigi mtu. Kila baada ya muda hutoa jua 25, na kwa jua hilo mchezaji hupanda mimea ya vita. Likitoa mara mbili limekwisha kurudisha gharama yake, na kila litoalo baadaye ni faida. Anayehesabu mapigo atasema kwamba alizeti ni sifuri. Lakini mchezaji asiyepanda alizeti katika uwanja wa kawaida hushindwa mapema, maana hana cha kununulia hao wapigaji anaowasifu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: thamani ya msaidizi ni tofauti kati ya matokeo ya kikosi chote akiwamo, na matokeo ya kikosi hicho hicho asipokuwamo. Haimo katika yale anayoyatenda kwa mkono wake mwenyewe.

3. Mfano: Suzuran katika Arknights

Arknights ni mchezo wa kampuni ya Hypergryph ya Shanghai, uliotolewa nchini China mwaka 2019 na kuenea katika nchi nyingine mwaka 2020. Jina lake la Kichina lina maana ya safina ya kesho. Wahusika wake wamegawanywa katika makundi 8, na moja kati ya hayo ni kundi la wasaidizi. Suzuran, binti mdogo mwenye mikia 9 ya mbweha, ni mmoja wao, na amepewa nyota 6, ambayo ndiyo daraja ya juu kabisa.

Kazi zake ni tatu. Kwanza, hupunguza mwendo wa adui. Katika mchezo huu hali hiyo huondoa asilimia 80 ya mwendo, yaani adui hubaki na moja ya tano tu ya kasi yake. Pili, adui aliyepunguziwa mwendo ndani ya eneo lake hupatwa na hali inayoweza kuitwa udhaifu: kila pigo analopokea, kutoka kwa yeyote, huongezeka kwa asilimia ipatayo 20 Suzuran anapokuwa amekuzwa vya kutosha. Tatu, autumiapo ustadi wake mkubwa huacha kushambulia kabisa, eneo lake hupanuka, adui wote waliomo hupungua mwendo kwa pamoja, udhaifu wao huzidi, na wenzake walio karibu hurudishiwa uhai kidogo kidogo.

Ajabu iko hapo: wakati wake wa manufaa makubwa kuliko yote ndio wakati asiopiga hata pigo moja. Anayehesabu mapigo humwona ametoweka saa ile ile anapofanya kazi kuliko wote.

4. Hesabu ya udhaifu

Katika Arknights, pigo la kawaida la silaha hupatikana kwa kutoa kinga ya adui katika nguvu ya mpigaji. Pigo haliwezi kushuka chini ya asilimia 5 ya nguvu hiyo. Ichukuliwe kwamba mpigaji ana nguvu 1000 na adui ana kinga 800: pigo ni 200. Sasa walinganishwe wasaidizi watatu wa kubuni. Wa kwanza huongeza nguvu ya mpigaji kwa asilimia 20. Wa pili hupunguza kinga ya adui kwa asilimia 20. Wa tatu humtia adui udhaifu wa asilimia 20.

Kwa wa kwanza, nguvu huwa 1200 na pigo huwa 400. Kwa wa pili, kinga huwa 640 na pigo huwa 360. Kwa wa tatu, pigo la 200 huwa 240 tu. Asilimia ni ile ile, lakini matokeo yameachana sana. Anayeishia hapa atahukumu kwamba udhaifu ni msaada duni.

Lakini wapigaji wengi katika mchezo huu wana ustadi wao wenyewe wa kujiongezea nguvu. Ichukuliwe kwamba mpigaji yule yule amejiongezea asilimia 100: nguvu yake ni 2000, na pigo lake kwa adui yule wa kinga 800 ni 1200. Nyongeza za asilimia hujumlishwa juu ya nguvu ya asili, si juu ya nguvu iliyokwisha kuongezwa. Hivyo msaidizi wa kwanza huleta 200 tu, na pigo huwa 1400. Wa pili huleta 1360. Wa tatu, anayezidisha pigo lililokamilika, huleta 1440. Aliyekuwa wa mwisho amekuwa wa kwanza, hali yeye hakubadilika hata kidogo. Waliobadilika ni wenzake.

Kanuni ya pili basi: msaidizi hana thamani moja isiyobadilika. Thamani yake ni uhusiano kati yake, wenzake, na adui wanayekabiliana naye. Orodha zinazompa mhusika daraja moja kwa hali zote huficha jambo hili, na zinapaswa kusomwa kwa tahadhari.

5. Hesabu ya mwendo

Kupunguza mwendo hakuongezi pigo hata moja, huongeza muda. Adui anayevuka eneo la wapigaji kwa sekunde 8 hulivuka kwa sekunde 40 ikiwa mwendo wake umebaki moja ya tano muda wote. Mpigaji anayepiga mara 1 kwa sekunde angempiga mara 8; sasa humpiga mara 40. Hilo ni ongezeko la mara 5, ambalo udhaifu wa asilimia 20 haulikaribii.

Hata hivyo hesabu hiyo ina masharti mawili. La kwanza ni kwamba hali hiyo idumu. Kwa pigo lake la kawaida, Suzuran hupunguza mwendo wa mlengwa kwa muda usiofika sekunde 1, kisha adui hurudia kasi yake hadi pigo jingine. Ni wakati wa ustadi mkubwa tu ndipo wote hupungua mfululizo. La pili ni kwamba adui awe anatembea. Adui aliyekwisha kuzuiwa na mlinzi mwenye ngao amesimama tayari, na kumpunguzia mwendo aliyesimama hakuongezi sekunde hata moja. Kwake yeye, faida inayobaki ni udhaifu peke yake.

Ndiyo sababu msaidizi huyu hung'aa katika viwanja vyenye njia ndefu iliyozungukwa na wapigaji wa mbali, na huonekana wa kawaida katika viwanja ambamo vita vyote hupiganwa mlangoni.

6. Gharama ya nafasi

Uwanja hauna nafasi zisizo na mwisho. Katika viwanja vingi vya Arknights mchezaji anaruhusiwa walinzi 8 kwa wakati mmoja. Kila nafasi anayopewa msaidizi imenyimwa mshambuliaji, na gharama hii husahauliwa na wale wanaowapenda wasaidizi kupita kiasi.

Ichukuliwe kwamba wapigaji wote wana nguvu sawa, na kwamba msaidizi huleta udhaifu wa asilimia 20 pasipo kingine. Wapigaji 7 pamoja naye hutoa kazi ya wapigaji 8.4, bila yeye wangekuwa 8. Amefaa. Lakini wapigaji 3 pamoja naye hutoa kazi ya 3.6, hali bila yeye wangekuwa 4. Hapo amekuwa hasara. Mpaka uko kwenye wapigaji 5: chini yao aongezwe mpigaji, juu yao aongezwe msaidizi. Mwendo ukipunguzwa pia, mpaka huo hushuka; adui wakiwa wamezuiwa tayari, hubaki pale pale.

Aidha, misaada ya aina moja hairundikani. Adui mwenye udhaifu wa namna mbili zilizo sawa huhesabiwa ule mkubwa tu, na mwendo uliokwisha kupunguzwa haupunguzwi tena kwa hali ile ile. Msaidizi wa pili wa aina ile ile huleta kidogo sana, lakini yule wa aina nyingine, kwa mfano mpunguza kinga, huzidisha kazi ya wa kwanza.

Kanuni ya tatu: msaidizi hupimwa dhidi ya yule ambaye angekaa katika nafasi yake.

7. Namna ya kujaribu

Hesabu hutangulia, jaribio huthibitisha. Mchezaji achague uwanja mmoja, apange walinzi wale wale mahali pale pale kwa wakati ule ule, acheze mara moja na msaidizi na mara moja na mshambuliaji katika nafasi yake. Asiangalie nani ameangusha wangapi, bali adui wangapi wamepenya na walinzi wangapi wameanguka. Arknights una njia ya mazoezi isiyotumia akiba ya kawaida ya mchezo, tena huruhusu kuazima mhusika mmoja kutoka kwa rafiki katika vita. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye fedha chache anaweza kumjaribu mhusika kabla ya kumtafuta. Busara hiyo inahitajika, maana uwezekano wa kumpata mhusika wa nyota 6 kwa jaribio moja la bahati nasibu ni asilimia 2, na hauanzi kuongezeka mpaka majaribio 50 yamepita bila kumpata.

8. Neno lenyewe

Limebaki suala la istilahi. Neno msaidizi, katika vyuo vikuu vya Kongo, huleta mara moja picha ya mtu wa daraja ya chini anayemngojea profesa. Picha hiyo hupotosha. Kiswahili kina njia bora zaidi ndani ya sarufi yake, nayo ni kauli ya kutendesha. Katika sentensi Mama anamlisha mtoto, anayekula ni mtoto. Mama hatii hata tonge moja kinywani mwake. Hata hivyo hakuna anayesema kwamba mama hakufanya kitu katika mlo ule. Kitenzi chenyewe kimemtambua kwa kiambishi kimoja.

Mhusika wa aina ya Suzuran ni mtendeshaji wa namna hiyo: hashindi, hushindisha. Neno mwezeshaji, ambalo tayari linatumika katika semina na mafunzo, lingefaa kuwa jina la kundi hili kuliko msaidizi, kwa kuwa linaonyesha kwamba uwezo wa wengine umetoka kwake.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba msaidizi hupimwa kwa tofauti anayoileta katika kikosi kizima. Kwamba tofauti hiyo hubadilika kwa kadiri ya wenzake na adui. Na kwamba sharti ilinganishwe na kazi ya yule aliyeachwa nje. Suzuran, kwa vipimo hivi, ni mwezeshaji bora kwa kikosi kikubwa cha wapigaji wenye ustadi wao, na ni nafasi iliyopotea katika kikosi kidogo kinachopigana mlangoni. Hukumu zote mbili ni za kweli kwa pamoja.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo kwa kawaida husomwa kama sifa ya umoja. Yaweza kusomwa pia kama onyo kwa wapimaji: chawa akiisha kuvunjika, haifai kuuliza ni kidole kipi kilichomvunja.