Fidia ya Ajali: Kudai Haki Bila Kuikimbia Dhamana



Majuma machache yaliyopita, baada ya darsa ya akina mama hapa Ukunda, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Kijana wake alikuwa amevunjika mguu katika barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga, pale gari lilipoigonga bodaboda aliyoipanda. Siku ya tatu hospitalini alijiwa na mtu asiyemjua, mkononi ana faili. Mtu huyo alimwahidi fidia nono kutoka kwenye bima ya gari, kwa sharti moja: aseme kwamba alikuwa akienda kwa miguu kando ya barabara. Kweli yenyewe ni kwamba kijana alikuwa abiria wa pili juu ya pikipiki hiyo, wala hakuvaa helmeti.

"Ustadh," alituuliza mama yule, "jirani zangu wananambia kudai pesa ni kuikataa kudura ya Mungu. Yule wa faili naye anasema tukisema kweli tutapunguziwa. Nishike lipi?"

Tukaona kwamba swali hili si lake peke yake. Nyumba nyingi za Kwale, kuanzia Kombani na Tiwi hadi Diani na Msambweni, zimewahi kumuuguza mtu aliyetolewa barabarani.

Kwanza, tuwajibu jirani. Kuamini kudura ni nguzo ya imani yetu, lakini kudura haimfutii mkosaji dhamana yake. Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, Allah (S.W.) amefaradhisha diya hata kwa aliyeua kwa kukosea, ikabidhiwe jamaa za marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakisamehe. Ikiwa asiyekusudia anadaiwa, vipi aliyeumizwa aambiwe anyamaze? Kusamehe ni jambo tukufu, lakini ni hiari ya mwenye haki. Jirani hawezi kusamehe kwa niaba yake.

Sheria ya Kenya nayo imefungua mlango. Kila chombo cha moto barabarani, pikipiki ikiwemo, hulazimika kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine, na bima hiyo hulipa hadi shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Madai ya majeraha hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Ikiwa anayedaiwa ni Serikali, muda ni miezi 12 tu. Kwa hivyo ripoti ajali polisi mapema, uchukue abstrakti, na uhifadhi kila karatasi ya hospitali na kila risiti ya dawa. Aliyeumia kazini, kama vile wenetu wa hoteli za Diani na wa mijengo, ana sheria yake ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha ya kazini. Naye amjulishe mwajiri wake bila kukawia.

Pili, tuje kwa mwenye faili. Huyu hakumwambia kijana uongo mtupu. Ni kweli kwamba mahakama hupunguza fidia ya mtu aliyechangia kuumia kwake. Sheria ya bodaboda inaruhusu abiria mmoja tu, na abiria huyo anatakiwa avae helmeti. Tuseme kwa mfano hakimu amekadiria majeraha kuwa ya shilingi 400,000, kisha akaona mlalamikaji amechangia asilimia 30. Atakayopewa ni shilingi 280,000.

Je, huku ni kupunjwa? Mafakihi wa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu wa pwani hii tunayafuata, walilizungumza jambo hili karne nyingi kabla ya pikipiki kuundwa. Wapanda farasi wawili wakigongana wakafa, wamesema, kwa kila mmoja hulipwa nusu tu ya diya. Nusu ya pili huanguka, kwa kuwa yeye mwenyewe alishiriki katika kufa kwake. Basi zile shilingi 120,000 katika mfano wetu hazikuwa haki ya kijana hata akadhulumiwa. Hizo ni sehemu ya kosa lake mwenyewe. Qur'ani imetufunza kwamba hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyingine, na imetukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu. Tukipanda watatu juu ya bodaboda ili kuokoa nauli ya shilingi hamsini, tusimtwishe dereva wa gari mzigo wote.

Na akidanganya akapewa zote? Mama wa Waumini Ummu Salama (R.A.) amepokea kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliwaonya waliokuwa wakimletea mashtaka. Aliwaambia kuwa yeye ni mwanadamu, na huenda mmoja akawa hodari zaidi wa kujieleza, naye akamhukumia kwa alivyosikia. Basi atakayepewa haki ya ndugu yake asiichukue, kwa maana amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume (S.A.W.) haikuihalalisha mali ya uongo, hukumu ya hakimu wetu itaihalalisha vipi? Tena hapa duniani, ushahidi wa uongo mahakamani ni kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika miaka 7 gerezani. Atakayesimama kizimbani siku hiyo ni kijana aliyetia sahihi, na mwenye faili atakuwa kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine. Tujue pia kwamba sheria inawakataza mawakili kutafutiwa wateja na madalali wa namna hii. Wakili wa kweli ana ofisi, na wewe ndiwe umwendeaye.

Tatu, tuna neno kwa waliofiwa, hasa wajane. Ajali ikiua, sheria ya Kenya humpa mke, mume, wazazi na watoto haki ya kufidiwa kwa kumpoteza aliyekuwa akiwalisha. Hata hivyo tumewaona wajane wakiambiwa na mashemeji kwamba fedha hizo ni za ukoo. Sayyidna Umar (R.A.) mwenyewe aliwahi kuona kwamba mke harithi katika diya ya mumewe, mpaka Dhahhak bin Sufyan alipomjulisha kwamba Mtume (S.A.W.) alimwandikia amrithishe mke wa Ashyam katika diya ya mumewe. Umar akaiacha rai yake. Ikiwa Khalifa alirudi nyuma, shemeji ni nani? Kesi ya ajali husikizwa na mahakama ya kawaida, lakini Waislamu wakizozania mirathi, mlango wa Kadhi uko wazi. Na fungu la yatima ni amana; halijengi nyumba ya ami.

Yule mama ametuletea jibu Ijumaa hii. Kijana amemrudishia mtu wa faili karatasi zake bila sahihi, na wamemwendea wakili wakamweleza kisa kama kilivyokuwa, cha abiria wawili na helmeti isiyovaliwa. Wakili amewaambia wana haki ya kudai, ila wasitarajie yote. Mama akatwambia, "Hata zikiwa kidogo, Ustadh, nitazipikia wanangu bila kuogopa."

Allah amponye kijana wetu, awalinde wenetu barabarani, na atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu. Amin.