Delhi hadi Tokyo: Umbali na Muda wa Safari ya Ndege

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Indira Gandhi, Delhi, hadi ule wa Haneda, Tokyo, ni takriban kilomita 5,860. Umbali huo hupimwa juu ya mviringo wa dunia, kwa njia iitwayo duara kuu. Uzi ukivutwa ukakaza juu ya tufe kati ya miji hiyo miwili, hupanda kaskazini, huvuka Himalaya na uwanda wa Tibet, hufika karibu nyuzi 37 kaskazini penye pwani ya Shandong, kisha hushuka kuelekea Japani. Kwenye ramani bapa njia hiyo huonekana imepinda, ilhali hakuna iliyo fupi kuliko hiyo.

Hata hivyo, ndege za abiria kwa kawaida haziufuati uzi huo. Sehemu kubwa ya Tibet iko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya ndani ya ndege ikivuja, rubani hulazimika kushuka haraka hadi karibu mita 3,000, ambako abiria hupumua bila barakoa za oksijeni. Juu ya Tibet hakuna pa kushukia: kwenye kimo hicho ni ardhi tupu. Kwa hiyo ndege huelekea mashariki kwanza, zikipita anga ya Bangladesh na Myanmar, na kuingia China upande wa Kunming. Kwa njia ya Kunming, umbali hufika takriban kilomita 6,280.

Ndege ya masafa marefu hukata hewa kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa, hivyo safari ingechukua saa 7 kwenda na saa 7 kurudi. Lakini hewa nayo ina mwendo wake. Katika miaka ya 1920, Wasaburo Oishi, mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, alirusha maputo kutoka kituo cha Tateno, karibu na Tokyo, akagundua upepo mkali wa juu uvumao kuelekea mashariki. Matokeo aliyachapisha mwaka 1926 kwa Kiesperanto, na wachache tu waliyasoma. Majira ya baridi, upepo huo unaweza kuzidi kilomita 300 kwa saa.

Hata nusu ya nguvu hiyo inatosha kubadili ratiba. Upepo wa kilomita 150 kwa saa ukiisukuma ndege, kilomita 3,000 humalizika kwa saa 2 na dakika 51. Ukiikabili, huchukua saa 4 kamili. Ndiyo sababu safari ya kwenda Tokyo huchukua takriban saa 7 na dakika 45, na ya kurudi karibu saa 9 na dakika 45, pamoja na mwendo wa ardhini viwanjani.

Saa za ukutani huonyesha kinyume, kwa kuwa Japani iko mbele ya India kwa saa 3 na nusu. Anayeondoka Delhi saa 12:00 jioni hufika Tokyo saa 11:15 alfajiri, kana kwamba amesafiri saa 11 na robo. Anayeondoka Tokyo saa 5:00 asubuhi hufika Delhi saa 11:15 jioni, kana kwamba ni saa 6 na robo tu. Muda halisi hupatikana kwa kutoa tofauti hiyo wakati wa kwenda, na kuijumlisha wakati wa kurudi.