Mgonjwa Mahututi na Dawa Isiyothibitika (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulibainisha jinsi sheria za dawa za Marekani zilivyozaliwa na misiba: mwaka 1937 dawa ya maji iliyoitwa Elixir Sulfanilamide, iliyotiwa kiyeyushi chenye sumu, iliua watu zaidi ya 100, wakiwamo watoto, na mwaka uliofuata kila mtengenezaji akalazimishwa kuthibitisha usalama wa dawa yake kabla ya kuiuza; kisha mwaka 1962, kufuatia madhara ya dawa ya thalidomide kwa watoto waliokuwa matumboni mwa mama zao, likaongezwa sharti la kuthibitisha kwamba dawa yafaa kwa maradhi inayokusudiwa. Hapo ndipo lilipozuka swali la leo: mgonjwa aliyekwisha kutumia kila dawa iliyoidhinishwa asipone, naye akasikia kwamba iko nyingine ingali katika majaribio, je, angoje miaka na miaka ilhali mauti hayamngoji?

Isidhaniwe kwamba mlango ulikuwa umefungwa kabisa. Tangu mwaka 1987 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo imekuwa na kanuni za kumwezesha tabibu kumwombea mgonjwa wake dawa ya namna hiyo, na katika kila maombi 100, takriban 99 hukubaliwa. Hata hivyo, wako walioona kwamba kuomba idhini ya serikali ili mtu apiganie uhai wake mwenyewe ni dhuluma. Na mahakama ya rufani ya Washington ilipoamua mwaka 2007 kwamba katiba haimpi mgonjwa haki ya kupata dawa isiyoidhinishwa, hoja ikahamia kwenye mabunge. Jimbo la Colorado likatangulia mwezi Mei 2014, majimbo mengi yakafuata, na tarehe 30 Mei 2018 Rais Donald Trump akaitia sahihi Sheria ya Haki ya Kujaribu kwa nchi nzima.

Kwa sheria hiyo, mgonjwa mwenye maradhi ya kuhatarisha maisha, asiyeweza kuingizwa katika majaribio, aweza kwa hiari yake iliyoandikwa kumwomba mtengenezaji dawa iliyovuka daraja ya kwanza tu, pasipo kupitia Mamlaka wala kamati ya maadili. Lakini daraja ya kwanza aghalabu hupima, kwa watu wachache, kiasi ambacho mwili wastahimili. Kama dawa yaponya, bado haijulikani. Tena sheria haimlazimishi mtengenezaji kutoa hata kidonge kimoja, wala bima kulipa. Basi mgonjwa amepewa ruhusa ya kuomba, ambayo kwa sehemu kubwa alikuwa nayo, na ameondolewa jicho la mtu wa tatu asiye na maslahi katika jambo lile.

Ili kuona faida ya kupima dawa hata wakati wa dharura, natutazame Kivu Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Ebola ilizuka mwaka 2018. Mwanzoni matabibu wa mji wa Beni waliwapa wagonjwa dawa zisizothibitika kwa huruma, chini ya uangalizi. Kisha mwezi Novemba likaanzishwa jaribio lililopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, ambamo kila mgonjwa alipata moja ya dawa nne kwa kura, asiachwe hata mmoja bila tiba. Baada ya wagonjwa 681, Agosti 2019, ukweli ulidhihiri: miongoni mwa waliopewa ZMapp, iliyosifiwa tangu mwaka 2014, karibu nusu walifariki, na wa remdesivir zaidi ya nusu, bali kwa dawa mbili nyingine, mojawapo ikitokana na damu ya mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, vifo vilikuwa kama theluthi moja. Lau dawa zile zingaliendelea kugawiwa pasipo kulinganishwa, huenda wengi wangalikufa mikononi mwa dawa dhaifu, na matabibu wasijue.

Kwa hiyo huruma na ilimu hazina budi kufuatana. Sheria ya mwaka 2018, isipokuwa kwa nadra, yaizuia Mamlaka kutumia matokeo ya wagonjwa hawa kuikwamisha dawa. Nami naona hapo ndipo ilipokosea zaidi, kwani mtu aliyekubali kuutia mwili wake hatarini anastahili yaliyompata yaandikwe na kupimwa, ili ajaye baada yake anufaike. Gharama za dawa hizi, na nani azibebe, tutazieleza inshallah katika sehemu ya tatu.