Ndege-Wavumaji Wanapokuwa Wachache

Kuvisha pete ndege-wavumaji wakati wa baridi, katika majimbo ya Marekani yanayopakana na Ghuba ya Meksiko, ni kazi inayoanza kwa simu ya mwenye nyumba. Ndege-mvumaji koo-jekundu, anayezaliana mashariki mwa nchi hiyo, kwa kawaida huwa ameshaondoka kwenda Meksiko na Amerika ya Kati ifikapo mwisho wa Oktoba. Anayeonekana bustanini kuanzia katikati ya Novemba huenda basi akawa mgeni kutoka magharibi. Mara nyingi huwa ni Selasphorus rufus, mwenye rangi ya kutu, ambaye mazalia yake yanafika kusini mwa Alaska.

Mvishaji pete halipwi, lakini hawezi kumgusa ndege bila kibali cha serikali kuu chenye idhini maalumu ya kushika ndege-wavumaji. Mtego wake ni kizimba kinachozunguka chombo cha maji ya sukari, sehemu moja ya sukari kwa nne za maji. Ndege akiingia kunywa, kamba inaachiwa na mlango unashuka.

Kinachofuata ni kazi ya dakika chache tu, kwa kiumbe chenye uzito wa gramu tatu au nne. Pete ya alumini, yenye herufi moja na tarakimu tano, hufungwa mguuni kwa koleo. Manyoya ya koo hupulizwa kwa mrija ili kuona mafuta ya njano chini ya ngozi, akiba ya safari. Mdomo hutazamwa kwa lenzi: wa ndege mchanga una mifereji myembamba inayofutika kadiri anavyokua. Kisha hupimwa mkia, na hapa ndipo hasa penye sababu ya kumnasa, kwani jike wa Selasphorus rufus na jike wa Selasphorus sasin ni vigumu mno kuwatofautisha bila kupima upana wa manyoya ya mkia. Kabla ya kuachiwa, ndege hupewa maji ya sukari anywe.

Kuna miaka ambayo simu hazilii. Ni rahisi kudhani kwamba ndege wanaisha, na wasiwasi huo una msingi: mwaka 2018 spishi ya Selasphorus rufus iliingizwa katika kundi la zile zinazokaribia kuwa hatarini. Hata hivyo, msimu mmoja mtulivu hauthibitishi hilo. Baridi isipokuwa kali, maua na wadudu hubaki tele, na ndege aliyepo hana haja ya kukisogelea chombo. Wapo pia wenye nyumba wanaoondoa vyombo mapema wakiamini kwamba sukari humzuia ndege kuhama. Imani hiyo si sahihi, maana kinachomsukuma kuhama ni saa ya mwili wake na urefu wa mchana unaobadilika.

Kwa hiyo daftari lenye ndege walionaswa peke yao halitoshi. Linahitaji pia idadi ya nyumba zilizotundika vyombo, muda vilivyokaa, na kila ziara iliyomalizika mtego ukiwa mtupu. Bila hayo, uchache wa ndege hautengani na uchache wa watazamaji.

Wala thamani ya msimu haimo katika wingi. Ndege hawa wana desturi ya kurudi bustani ileile, hivyo mmoja anayefika na pete ya mwaka uliopita hufundisha mengi kuliko wapya kadhaa. Jike aliyevishwa pete Tallahassee, Florida, Januari 2010 alinaswa tena Chenega Bay, Alaska, Juni mwaka huohuo, umbali wa zaidi ya kilomita 5,600. Pete moja iliunganisha ncha mbili za safari.

Taarifa zote hupelekwa Maabara ya Uvishaji Pete Ndege ya Marekani, iliyoanzishwa 1920. Kuanzia Machi koo-jekundu huanza kurejea kutoka kusini, tarehe peke yake haimtambulishi tena mgeni wa magharibi, na msimu wa baridi hufungwa.