Ujumbe Husafirije Katika Intaneti?



Kijana aingiapo Chuo Kikuu kusoma elimu ya mitandao ya kompyuta, miongoni mwa mambo ya awali afundishwayo ni hili: ujumbe hauendi mzima. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti huandikwa anwani ya itokako na ya iendako, mfano wa bahasha ya barua. Mashine ziitwazo ruta huisoma anwani ya iendako na kuipokezana pakiti hiyo hata ifike.

Je, ikipotea njiani? Hapo ndipo ilipo hekima ya kazi hii. Mwaka 1974 mabingwa wawili wa Marekani, Vinton Cerf na Robert Kahn, walieleza itifaki, yaani kanuni za mapatano, iitwayo TCP. Data hutiwa nambari. Mpokeaji hujibu kuwa amepata. Asipojibu, mpelekaji hupeleka tena. Baadaye kazi ya anwani ilitengwa, ikaitwa IP. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET, mzazi wa intaneti, ulihamia katika itifaki hizo mbili, nasi twazitumia hata leo.

Lakini, enyi vijana, angalieni sana. Kazi ya TCP ni kufikisha tu. Haisitiri siri, hiyo ni kazi ya itifaki nyingine, kama TLS. Wala hakuna hata moja kati ya hizo ijuayo kama habari ni ya kweli. Uongo hufika salama sawasawa na ukweli. Kuipima habari kabla ya kuwapelekea jamaa zetu ni wajibu wetu wenyewe.