Nilivyonunua mtumbwi wa tanga nikiwa Kahama: yaangalie haya kabla hujatoa hela

Nimeulizwa mara nyingi na watu wa hapa Kahama, Kakola na Ushirombo wanaotaka kupeleka vijisenti vyao ziwani, nikaona niandike mara moja, ili kila anayeniuliza nimwambie kasome. Wengi wanaanza kwa kuuliza bei. Bei siyo tatizo. Tatizo ni kwamba sisi watu wa nchi kavu tunanunua mtumbwi uliotumika kama tunavyonunua pikipiki iliyotumika: unaangalia rangi, unajaribu kidogo, unalipa, unaondoka. Mimi nilifanya hivyohivyo na nusura tufe watu watatu.

Nijieleze kidogo maana kosa lilianzia hapo. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kazi zangu ni mageti, madirisha na makarasha ya wachimbaji wadogo. Kuogelea sijui. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mvuvi upande wa Geita, anatega migonzo ya sangara. Alikuwa anatumia mtumbwi wa mtu na sehemu kubwa ya alichopata ilienda kwa mwenye chombo. Tukakubaliana mimi nitoe hela, yeye atoe jasho, tugawane. Tukachagua tanga badala ya injini kwa sababu petroli inakula faida yote, wakati upepo haujawahi kupanda bei.

Tulipata mtumbwi wa mbao wa mita 6 hivi, wenye mlingoti mmoja na tanga la pembetatu lililoshonwa kwa viroba. Tulilipa shilingi 1,400,000. Rangi ya bluu iling'aa kama ya gari jipya. Hapo ndo ningestuka.

KWANZA, MJUE MWENYE CHOMBO

Kabla ya kuangalia mbao, angalia mtu. Kila mwalo, yaani pale wavuvi wanapoegesha na kushusha samaki, una uongozi wake na kikundi cha kulinda rasilimali za uvuvi ambacho wengi wanakiita BMU. Nenda kwa viongozi hao ukiwa na muuzaji. Waulize mbele yake: chombo hiki ni cha nani, kina deni, kiliwahi kukamatwa na zana haramu? Mitumbwi huibwa usiku ikaenda kuuzwa mwalo wa mbali, na ukikutwa nayo wewe ndo mwizi.

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake zinataka chombo cha kuvulia kisajiliwe na kiwe na leseni. Kwa hiyo omba karatasi, linganisha namba ya kwenye karatasi na ile iliyoandikwa ubavuni, halafu pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize utaratibu wa kubadili jina. Mambo ya ukaguzi wa usalama wa vyombo vya majini siku hizi yako TASAC, siyo SUMATRA tena kama wazee wengine wanavyoendelea kukuambia. Mauziano yaandikwe ofisi ya kijiji au mtaa, kukiwa na mashahidi wa pande zote mbili. Usilipe hela yote ufukweni kwa kushikana mikono.

PILI, UPINDUE

Mtumbwi unakaguliwa chini. Omba vijana wakusaidie kuupindua, wape hela ya soda. Chukua kisu chenye ncha na upite taratibu kwenye mkuku, ule mti wa chini unaobeba mtumbwi wote. Mbao nzima inakataa kisu. Iliyooza inakipokea kama unachoma kiazi kilichoiva. Kisha geuza tena uangalie ndani, pale mbavu, wenyewe wanaita mataruma, zinapokutana na mbao za ubavuni. Maji ya mvua hutuama hapo, kwa hiyo kuoza huanzia hapo.

Angalia misumari. Ukiona michirizi ya kutu inateremka kutoka kwenye kila kichwa cha msumari, ujue chuma kinakwisha kwa ndani. Angalia vipande vya bati vilivyopigiliwa juu ya maungio. Bati lenyewe siyo kosa, mafundi wengi wa ziwani wanalitumia, ila uliza lini lilipigwa na kwa nini, na kama muuzaji anakubali libandue moja. Na rangi mpya iliyopakwa wiki ambayo mtu anatafuta mteja, mimi siku hizi naihesabu kama ufa.

Kuna njia rahisi niliyofundishwa baadaye na fundi mzee wa pale mwaloni, haina gharama. Mtumbwi ukiwa nchi kavu, umekaa juu ya magogo, mwaga ndoo kadhaa za maji NDANI yake, halafu inama uangalie chini. Pale maji yanapodondoka kwa nje ndipo yatakapoingilia ukiwa ziwani. Weka alama ya chaki. Ukiona matone mawili matatu, hiyo ni kawaida ya mbao. Ukiona mchirizi, punguza bei au ondoka.

Tanga nalo lishike kwa mikono miwili ulivute kwa nguvu. Kiroba kilichokaa juani muda mrefu kinachanika kama gazeti. Afadhali kichanike mkononi mwako kuliko katikati ya maji.

TATU, KUUSAFIRISHA

Hapa nilijiona bingwa. Nilitengeneza trela kwa ekseli na springi za pikapu kuukuu, nikauleta mtumbwi Kahama ili niufanyie ukarabati karakana kwangu. Kama utasafirisha chombo, uzito ulale kwenye mkuku, siyo kwenye ubavu. Weka angalau mihimili mitatu chini yake, uifunge mipira ya tairi, na mikanda ipite juu ya magunia ili isikate mbao. Mlingoti ulale ndani, na kinachotokeza nyuma kifungwe kitambaa chekundu. Trela nalo ni chombo cha barabarani, linataka usajili wake, namba na taa za nyuma. Anayenunua Mwanza kwa ajili ya Sengerema au Geita siku hizi ana nafuu, maana tangu Juni 2025 anapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, kilomita 3 hivi, bila foleni ya kivuko.

Kubeba chombo cha tanga nchi kavu kukipeleka ziwa letu wala siyo jambo geni. Mwaka 1875 Stanley alifika Kagehyi, kusini mwa ziwa, na mashua iliyoitwa Lady Alice. Ilikuwa imetengenezwa Uingereza kwa vipande na wapagazi walivibeba kutoka Bagamoyo. Walipofika wakaviunganisha, na tarehe 8 Machi mashua ikaanza kulizunguka ziwa. Kwa hiyo trela langu halikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa nilichofanya baada ya kufika nyumbani.

Majirani walicheka sana. Jamaa mmoja akaniuliza, "Mtumbwi Kahama wa nini, unataka kuingia kwenye bomba?" Maana maji ya ziwa sisi yanatufikia kwa bomba la KASHWASA kutoka Ihelele, Misungwi. Nilicheka nao. Kumbe swali lilikuwa la maana.

KOSA LANGU

Mtumbwi ulikaa kwangu Julai na Agosti. Mnaijua Kahama ya miezi hiyo: vumbi, jua, hakuna tone la mvua. Mbao iliyozoea maji ikikauka inasinyaa. Mwishoni mwa Agosti nikaanza kuona mwanga kwenye maungio, ukichungulia kutoka ndani unaona karakana. Mimi nikajua ni uchakavu. Nikaziba kwa puti, nikapaka rangi mikono miwili, ukapendeza. Yaani rangi ileile niliyoilaumu kwa muuzaji, nikaipaka kwa mkono wangu mwenyewe.

Septemba tukaurudisha. Saa 11 alfajiri tukashusha majini: shemeji, kijana wake, na mimi niliyetaka kuonja chombo changu. Tanga likajaa, tukateleza vizuri. Baada ya kama nusu saa nikahisi baridi kwenye vifundo vya miguu. Nikasema, "Shemeji, huku kuna maji." Akadhani ni mawimbi yamerukia. Akapapasa chini, akanyamaza, akashusha tanga palepale. "Kaa katikati. Usisimame." Puti yote ilikuwa inatoka vipande vipande.

Na upepo ulikuwa unatusukuma kwenda mbele. Hili mtu wa nchi kavu halijui: usiku mpaka alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na kuanzia mchana hugeuka ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Wavuvi wanautumia kama daladala, asubuhi unawapeleka, mchana unawarudisha. Mtumbwi wa mbao wa aina yetu haupandi upepo vizuri, kwa hiyo chombo kikiharibika alfajiri, upepo unakupeleka mbali zaidi na nyumbani. Shemeji na kijana wake walipiga kasia, mimi nachota maji kwa dumu lililokatwa. Dumu lilikuwa moja. Majaketi ya kuokolea hayakuwepo, nilisema tutanunua kwa mauzo ya kwanza. Tulipogusa mawe ya ufukweni maji yalikuwa karibu na viti vya kukalia na mikono yangu haikunja ngumi.

Shemeji hakunigombeza. Alisema tu, "Shemeji, hiki siyo geti."

JINSI YA KUKAA NAO

Yule fundi mzee ndo alituokoa. Kwanza alitoa rangi na puti yote. Pili akaulaza mtumbwi kwenye maji ya kina kifupi, akaujaza mawe uzame, ukalowekwa siku tatu. Mbao zikavimba, nyufa nyingi zikajifunga zenyewe. Zilizobaki ndizo alizozikalafati kwa pamba iliyosokotwa, pamba hiihii ya kwetu Usukumani. Nilimuuliza kwa nini hakuziba zikiwa kavu. Akanijibu kwamba ukishindilia pamba kwenye mbao kavu, zikivimba zitakosa nafasi, zitasukumana mpaka zing'oe misumari. Kwa hiyo mtumbwi wa mbao usiupeleke Kahama kwa miezi. Mpeleke fundi kwenye mtumbwi. Ukilazimika kuutoa majini, uweke kivulini, ufunike magunia, uyamwagie maji kila siku, na kabla ya safari ya kwanza uloweke.

Matengenezo yote, pamoja na mbao mbili mpya na tanga jingine, yalinigharimu shilingi 600,000 juu ya ile bei. Ningeukagua mwanzo, kiasi kikubwa kingekatwa kwa muuzaji.

Vitu ambavyo siku hizi haviachwi nyumbani: jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, makopo mawili ya kuchotea maji, kasia za akiba, tochi, na simu ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Chini ya viti tumefunga madumu matupu ya lita 20 yenye vifuniko vizima, ili hata mtumbwi ukijaa maji usizame kabisa, mtu apate pa kushika. Sikilizeni utabiri wa TMA, hasa Machi mpaka Mei na Oktoba mpaka Desemba, maana radi na dhoruba za ziwani hupenda usiku na alfajiri. Magugu maji nayo yanaweza kuziba mlango wa mwalo usiku mmoja, kwa hiyo uegeshe mahali unapoweza kutoka.

Msizidishe watu. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 walikufa watu 228, na kivuko kile kilikuwa cha kubeba abiria 101. Kama chombo cha chuma hakikuvumilia, mbao zako za mita 6 zitavumilia nini? Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Ukiwa katikati, huoni ng'ambo.

La mwisho ni kichocho. Kushusha na kupandisha mtumbwi kunakuweka kwenye maji ya ufukweni kila siku, na konokono wanaoeneza kichocho wanaishi humohumo. Mkiona damu kwenye mkojo au tumbo linasumbua, nendeni kituo cha afya mkapimwe, dawa ipo.

Leo mtumbwi unafanya kazi, shemeji anarudi na sangara, na mimi napata changu. Lakini kila nikienda naanza kupapasa chini kabla sijakaa. Hela inatafutwa. Mtu aliyezama hatafutwi akapatikana mzima.

Naomba kuwasilisha. Wadau wa Nungwe, Sengerema na Ukerewe mnaoujua mtumbwi tangu utoto, pale nilipokosea nirekebisheni.