Nguruwe wa Porini, Nguruwe wa Bandani

Katika vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mbozi na Ileje hadi Njombe, mtu aliyekesha shambani na mkuki akimvizia nguruwe ndiye huyohuyo anayewahi nyumbani alfajiri kumkorogea nguruwe pumba. Haoni ajabu yoyote. Wa porini ni mwizi, wa bandani ni ada ya shule. Ila ukikaa na wafugaji wa umri mkubwa unang'amua kwamba mengi wanayoyajua kuhusu wa bandani waliyasoma kwa yule mwizi.

Tumwondoe ngiri kwanza, maana watu wa mjini humsingizia. Ngiri hutembea mchana, hupiga magoti akila majani, na usiku hulala kwenye mashimo yaliyochimbwa na muhanga. Anayewaliza wakulima ni nguruwe mwitu mwenye manyoya marefu mgongoni, anayetembea kwa kundi gizani. Mahindi yakiwa bado ya maziwa huangusha bua zima, hung'ata gunzi mara mbili, kisha huhamia bua la pili. Kwenye mihogo na viazi hufukua tuta zima. Fidia wala usiitaje: kifuta jasho cha serikali hutolewa kwa uharibifu wa wanyama wakali kama tembo na kiboko, na sijasikia aliyewahi kuandikiwa hundi kwa sababu ya nguruwe.

Kwa hiyo watu hulinda. Hujengwa dungu, huwashwa moto, hupigwa madebe, na vijana hupiga soga hadi kunakucha. Uchumba mwingi umeanzia madunguni, jambo ambalo wazazi hulijua na hulinyamazia kwa kuwa mahindi lazima yalindwe.

Uharibifu ukizidi huitishwa msako. Nyayo hufuatwa umande ukiwa haujakauka, mbwa wakitangulia. Nguruwe akizidiwa mbio hugeuka, hutia mgongo kwenye kichaka na kuwakabili. Meno yake ya chini hunolewa na ya juu kila anapotafuna, na yakimpitia mbwa tumboni humfungua. Mzee mwenye mbwa wazuri haendi msakoni bila sindano na uzi. Nyama ikigawanywa, aliyetangulia kuchoma mkuki hupata sehemu nono, mwenye shamba hapati mikono mitupu, na mwenye mbwa hupewa fungu la mbwa wake hata kama yeye alibaki nyumbani. Mgao huu nimeuona ukizua maneno kuliko mirathi.

Siku hizi msako ni jambo la kunong'ona. Sheria ya wanyamapori ya 2009 inataka kibali, na njia halali ni kupeleka taarifa serikali ya kijiji ili afisa wanyamapori aitwe. Wakati mwingine anafika mahindi yakiwa yamebaki mabua.

Tusidhani kwamba kila anayewinda nguruwe anatamani kumla. Unguja, ambako wakazi karibu wote ni Waislamu, nguruwe mwitu wapo na watu hutoka na mbwa kuwawinda. Hapo kinachotetewa ni muhogo, na chungu hakihusiki.

Turudi bandani. Nguruwe wa kufugwa waliletwa na wamisionari na walowezi, na leo banda la mabanzi nyuma ya nyumba ndilo benki ya familia nyingi. Jike hubeba mimba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Hesabu hii hata asiyejua kusoma anayo kichwani. Kitabu cha ufugaji kitakwambia uandae mahali pa kuzalia. Aliyewahi kusaka porini anajua sababu: nguruwe mwitu jike hukusanya nyasi na kujenga lundo kubwa, akajichimbia ndani azae. Mnyime wa bandani nyasi, atahangaika kutwa nzima akikwaruza sakafu, na jike mwenye mahangaiko ndiye anayelalia watoto wake au kuwala.

Vilevile udongo. Vitoto vilivyozaliwa juu ya saruji hupauka na kudhoofu kwa kukosa madini ya chuma, na bwana mifugo huvichoma sindano. Bibi mmoja jirani yetu huviwekea bonge la udongo mwekundu kutoka mahali ambapo nguruwe hawajapita. Vya porini hufukua tangu vikiwa vidogo, havihitaji sindano wala bibi.

Ukaribu huo wa porini na bandani una upande wake mchungu. Mwaka 1921 daktari wa mifugo Montgomery alieleza kwa mara ya kwanza homa ya nguruwe ya Afrika, baada ya kuona mifugo ya walowezi wa Kenya ikiteketea. Nguruwe mwitu na ngiri hubeba virusi vyake bila kuonekana wagonjwa, na kupe laini wa kwenye mashimo ya ngiri huvihifadhi. Wa kufugwa akivipata hupandwa na homa, masikio huiva wekundu, na baada ya siku chache banda huwa tupu. Tiba hakuna. Binadamu haambukizwi, na hapo ndipo penye mtego: mwenye nguruwe akiona mmoja amelala, huwachinja waliobaki haraka na kuwauza rahisi, na kitimoto cha bei poa hubeba virusi hadi kata ya pili. Nyama ya msakoni nayo ni hatari hiyohiyo. Utumbo huoshwa karibu na banda, mifupa huburutwa na mbwa, makombo humwagwa kwenye hori. Nawaambia vijana wetu wakichuna porini wafukie hukohuko na wabadili viatu, wananiona mwoga.

Mlipuko ukipita na karantini ya mifugo ikiondolewa, watu huanza upya kwa ubia. Aliyebakiwa na jike humkabidhi mwenzake amfuge, na watoto wakizaliwa hugawana nusu kwa nusu. Mgogoro huja jike akizaa saba. Mwenye jike humdai wa saba kwa kuwa tumbo ni lake, mfugaji humdai kwa kuwa pumba ni zake. Hapo huitwa wazee, na pombe hununuliwa kabla kesi haijaanza kusikilizwa.